UDUGU WA TIMAZI: GOLOLI MOJA NYEUSI

Sehemu ya kumi na moja

Nyeusi.

Wale wote mlionisumbua kwa simu wiki nzima mkiuliza rangi ya gololi ya mwisho, jibu ndilo hilo, na sasa mniache nile chakula changu kwa amani. Roscoe Tibbets aliingiza mkono ndani ya sanduku la mbao, akatoa gololi ya ishirini na nne, akaiinua ili kila mtu aione. Ishirini na tatu nyeupe zilikwisha kupangwa mezani. Hii ilikuwa nyeusi tii.

Junie Lahti aliitazama akidhani macho yake yanamchezea.

"Moja," Roscoe alisema. Huyu ndiye msimamizi wa watarajiwa, kijana wa mwaka wa nne mwenye shingo ndefu na sauti ya karani wa mahakama. "Na moja inatosha. Sheria unaijua."

Aliijua vizuri sana. Udugu wa Timazi ni chama cha wanafunzi wa uhandisi, na pale chuoni ni kikongwe kuliko paa la karakana. Mtarajiwa hupikwa wiki kumi. Anamhoji kila mwanachama na kuchukua saini yake kitabuni, anajifunza kukereza shaba, na mwisho anajenga daraja la mbao juu ya kijito kilicho nyuma ya karakana. Halafu anapigiwa kura. Wote wakiweka nyeupe, ameingia. Mmoja akiweka nyeusi, arudi alikotoka.

Mwaka huu watarajiwa walianza sita. Wanne walikimbia kabla barafu haijayeyuka, wakabaki Junie na Teddy Brask. Teddy alikuwa amepita dakika tano tu kabla yake, kwa nyeupe tupu, na watu walikuwa bado wanampiga mabega.

"Lakini bado kuna mlango," Roscoe akaendelea. "Aliyeweka nyeusi anaweza kubadili mpaka saa kumi na moja jioni, daraja litakapovukwa. Wewe unaweza kumuuliza mwanachama rangi aliyoweka, naye haruhusiwi kukudanganya. Unauliza watu watatu. Wa nne haruhusiwi kukujibu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika nne mchana. Junie alitoka bila kofia.

Nitawaambia wazi kwa nini msichana huyu alisahau kofia katika baridi ya Aprili. Mwaka wake wa kwanza alikula chakula cha mchana kwenye ngazi za nyuma za maktaba, ili watu wasione kwamba hana wa kula naye. Mwaka mzima. Kisha siku moja Margo Dufresne alimkuta amesimama mlangoni mwa karakana akichungulia, akamwambia, "Ingia ufunge mlango, joto linatoka." Hayo tu. Lakini tangu siku hiyo Junie alikuwa na mahali pa kuweka begi lake, na sasa mahali hapo palikuwa pananing'inia kwenye gololi.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa mama yake: *Nimebakiza maili themanini. Pasti zote ishirini na tano, zile za nyama na viazi, nimezifunga taulo, hazitapoa. Nimevaa koti jipya.*

Junie aliirudisha simu mfukoni. Angejibu nini?

Wa kumshuku hakumtafuta mbali. Duane Fitch wa mwaka wa tatu, ambaye mwezi wa pili Junie alimsahihisha hesabu mbele ya profesa na darasa zima. Alimkuta uwanja wa barafu, akinoa viatu vya kutelezea.

"Duane. Gololi yako ilikuwa rangi gani?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Ndilo."

"Umelitupa, dada. Nyeupe."

"Wewe? Si nilikuaibisha?"

"Uliniaibisha, na ulikuwa sahihi, hapo ndipo paliponiuma." Duane alipuliza chuma alichokuwa akikinoa. "Sasa mtu akinisahihisha kwa haki nimtie nyeusi, mimi nitakuwa mhandisi wa nini? Wa keki?"

"Basi ni nani?"

"Sikutaji mtu. Ila nitakupa kitu cha bure. Nilikaa karibu na sanduku. Wote walidondosha wakaenda zao. Mmoja tu mkono wake ulikaa mle ndani, ukakaa, mpaka nikadhani umenasa."

"Mkono wa nani?"

Duane alishusha kiatu. "Wa kaka yako mlezi."

Msichana huitwa kaka humo ndani, msishangae. Udugu huo haukuwahi kupata neno jingine hata wasichana walipoanza kuingia, na wao wenyewe walikataa kubadilishiwa. Kaka mlezi wa Junie alikuwa Margo.

"Unaniongopea."

"Siruhusiwi," Duane alisema, akaendelea kunoa.

Junie hakwenda kwa Margo. Alirudi ukumbini akamuuliza Roscoe, kwa sababu tu alitaka jibu liwe la mtu mwingine. Roscoe akamjibu kwa sauti ileile ya karani: nyeupe. Likawa limebaki swali moja, na miguu ikajua yenyewe inakwenda wapi.

Margo alikuwa karakanani, amefunga kitambaa chekundu kichwani, anapiga tupa kipande cha shaba kilichobanwa kwenye jiliwa. Hakuinua kichwa.

"Kaka Margo," Junie alisema. "Gololi yako ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi."

Tupa iliendelea kupita. Krr, krr.

"Umechelewa," Margo akaongeza. "Mimi nilikutegemea saa nane na robo. Umezunguka wapi?"

"Kwa nini?" Machozi yalikuwa yanakuja, na Junie aliyachukia. "Wewe ndiye uliyenifungulia mlango huu. Wewe ndiye uliyenifundisha kukereza. Kama hukunitaka si ungeniambia, kuliko kuniacha nisimame pale mbele za watu kama..."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Malizia ukishaona hii." Margo alifuta mikono, akavuta droo, akaweka mezani karatasi tano zilizobanwa pamoja. Hesabu za daraja. Mwandiko ulikuwa wa Teddy, mdogo na nadhifu. Chini ya kila ukurasa palikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku jina. "Hii saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Juu yake pameandikwa nini?"

"Imehakikiwa."

"Ulihakiki?"

Junie akakumbuka. Ilikuwa Alhamisi, wiki tatu nyuma, yeye ana mtihani wa joto na mvuke asubuhi yake. Teddy alimkuta kwenye korido ya maabara akamwambia, "Tia saini hapa, mwenzangu, ni kujumlisha na kugawa tu, mimi si mjinga." Akageuka, akaufanya mgongo wake kuwa meza. Saini tano. Walicheka hata, kwa sababu kalamu ilimtekenya.

"Nilimwamini," Junie akasema.

"Hakuna aliyekuuliza kama unamwamini. Kisanduku hakina neno hilo." Margo aliketi juu ya kigoda, na sasa alimtazama. "Sikiliza. Rasimu ya hesabu mnapewa na kaka mlezi. Kila mwaka mlezi hupanda kosa moja humo. Dogo, la upande wa usalama, halimuumizi mtu. Anayehakiki kweli hulikuta. Mimi mwaka wangu nililikuta, Roscoe akalikuta, Duane alilikuta akaja kulitangaza kama kuku ametaga. Wewe nilikungoja wiki tatu."

"Na Teddy je? Yeye ndiye aliyeandika."

"Mwandishi hukosea, ndiyo maana kuna mhakiki. Teddy hakudanganya, aliandika jina lake kwenye kazi aliyoifanya. Wewe uliandika lako kwenye kazi ambayo hukuifanya."

Hapo Junie alizigeuza tena zile kurasa tano, saini kwa saini.

"Mkono wangu ulikaa ndani ya lile sanduku," Margo akasema polepole, "kwa sababu sikutaka. Unanielewa? Sikutaka. Sasa keti hapo, shika penseli, ufanye leo kazi ya Alhamisi ile. Ukinionyesha kosa kabla ya saa kumi na moja, nabadili."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Ukurasa wa kwanza Junie aliupitisha macho tu. Orodha ya wanachama, uzito wa wastani paundi mia na sabini, urefu wa kijito futi kumi na nane: mambo ya kunakili, nani anakosea kunakili? Akazama ukurasa wa pili. Boriti. Mbao za msonobari, nguvu zake, akafungua kitabu cha majedwali akalinganisha namba kwa namba. Sawa. Wa tatu, kupinda. Sawa. Simu ikalia tena, akaigeuza kifudifudi. Nje alisikia watu wakipita kuelekea kijitoni, mtu anacheka, mtu anauliza kama kuna kahawa.

Ukurasa wa nne, kiungo.

Mbao za futi kumi na nane hazikupatikana, kwa hiyo kila boriti, ya kushoto na ya kulia, ilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa bamba za chuma na bolti. Teddy aliuchukua uzito wote wa watu, akaugawa kwa mbili, nusu kila boriti. Vyema. Mistari sita chini, alipofika kwenye bolti, aliuchukua uzito uleule uliokwisha kugawanywa, akaugawa kwa mbili tena.

Junie alirudia kwa kikokotoo. Akarudia kwa mkono. Ilitoka ileile. Bolti nane kila kiungo, mahali palipotaka kumi na sita.

Aliruka kutoka kigodani. Alikuwa anacheka, jamani, anacheka kwa furaha, kwa sababu saa ilikuwa kumi na nusu na mlango ulikuwa umefunguka.

"Nimelipata. Amegawa mara mbili. Hapa na hapa. Ulilipanda vizuri, kaka, nusura nilipite."

Margo aliichukua karatasi. Alisoma mistari ile, akarudi juu, akaisoma tena.

"Hili silo langu," alisema.

"Silo lako vipi?"

"Langu liko ukurasa wa kwanza. Sisi tuko wangapi?"

"Ishirini na nne."

"Nimeandika wangapi?"

Junie alifunua. Ishirini na sita. Wiki kumi amekaa na kila mmoja wao, ana saini zao kitabuni moja moja, na ameruka watu wawili wasiokuwepo duniani.

"Kosa la kuzidisha," Margo alisema. "Linaongeza nguvu kidogo tu. Lakini hili la ukurasa wa nne sikulipanda mimi. Hili ni lenu. Na mimi mwenyewe nimepitia karatasi hizi nikitafuta langu tu, nikaishia ukurasa wa kwanza. Loo." Alivua kitambaa kichwani. "Twende."

Walitoka mbio. Njiani, juu ya mabaki ya theluji, Margo alimshika mkono.

"Gololi yangu ni nyeupe tangu sasa. Nitamwambia Roscoe. Lakini lazima ujue: saini ya uongo ikitajwa hadharani, kura zote zinapigwa upya. Zote. Naweza kulisimamisha mimi, niseme nimeona shaka kwenye kiungo, basi. Jina lako lisitajwe leo."

Junie alitazama viatu vyake. Alimwona mama yake kwa mbali, koti jipya la bluu, anagawa pasti kwa watu asiowajua.

"Nitasema mwenyewe," akajibu.

Alitaka kwanza Teddy asikie kwake, si kwa umati. Alimkuta pembeni mwa daraja akinyoosha kitambaa kipana cha rangi za Udugu, kijani na shaba, alichokizungushia katikati ya boriti kama ukanda. Cha upande wa pili alikwisha kukifunga.

"Teddy, ukurasa wa nne. Umegawa kwa mbili mara mbili. Bolti hazitoshi."

Alitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alimalizia fundo lake, akalivuta likakaza.

"Daraja litasimama, Junie."

"Wewe unajuaje?"

"Najua." Akamsogelea, akashusha sauti. "We nyamaza tu leo, tafadhali. Mimi nimeshapita. Na wewe Margo atabadili, si ndiyo? Basi tumefika. Usituharibie dakika ya mwisho."

"Watu ishirini na nne watasimama hapo juu kwa pamoja."

"Na litasimama. Nakuapia kwa mama yangu."

Mtu asiposhtuka kwa jambo la kushtua, huwa kuna kitu. Lakini Junie hakuwa na nafasi ya kuwaza, kwa sababu Mzee Orville Stenquist alikuwa amekwisha kuweka mguu wa kwanza kwenye ubao.

Mzee huyu ana miaka themanini na moja. Alikagua madaraja ya jimbo zima mpaka magoti yakakataa, na kila Aprili ndiye anayevuka kwanza, na timazi ndogo ya shaba, uzito wa fundi wa kupimia wima, ikining'inia shingoni. Nyuma yake ndugu walikuwa wamepanga mstari, wanasukumana.

"Mzee, shuka," Junie alisema.

Watu wakageuka. Roscoe alinyoosha ile shingo yake.

"Shuka, nakuomba. Hesabu ya kiungo ina kosa, na karatasi ina saini yangu kwamba nimehakiki." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Sikuhakiki. Nilitia saini tu. Kwenye korido, bila kusoma hata mstari mmoja."

Waliokuwa mbele ya mstari wakarudi nyuma hatua moja.

Mzee Stenquist aliurudisha mguu nyuma taratibu. "Umesema mwenyewe," akasema, "au umesemewa?"

"Nimesema."

"Kabla sijavuka."

"Ndiyo, mzee."

"Hm," mzee akasema, na hakuna aliyejua hm hiyo ni ya nini.

"Hana lolote," mtu akasema kutoka mstarini. "Kapata nyeusi, sasa anataka na sisi tukose."

"Mifuko ipo," Duane Fitch akaropoka. "Kwa nini tugombane na mbao zinaweza kusema zenyewe?"

Mifuko ilikuwepo kweli. Theluji ikiyeyuka kijito hufurika, na kingo zote mbili zilikuwa zimezibwa kwa mifuko ya mchanga. Roscoe akapiga hesabu kwa kidole hewani: mifuko minne badala ya kila ndugu, tisini na sita kwa jumla. Wakajipanga wakaanza kupokezana, mkono kwa mkono, na waliokuwa katikati ya daraja wakifunga kamba kiunoni.

Mifuko thelathini. Daraja kimya.

Hamsini. Junie alikuwa amekadiria kwamba tatizo lingeanza hapa. Akatega sikio. Hakuna.

Sitini. Sabini. Alimtazama Margo, na Margo alikuwa amekunja uso kama mtu aliyehesabu chenji yake na ikazidi.

Tisini na sita. Waliokuwa juu wakashuka. Boriti zilipinda upana wa kidole, kama ilivyoandikwa, wala hazikulia.

Mtu mmoja alianza kupiga makofi, kisha wote, na Teddy akainama kama mwigizaji. Kicheko kilipita mstarini. Mama yake Junie, na pasti moja mkononi, akasema kwa sauti ya mama yeyote, "Junie, mwanangu, kwani ulitaka lianguke?"

Hapo walicheka zaidi. Junie aliona aibu mpaka masikio yakaungua. Ameharibu jina lake mbele ya watu wote, mbele ya mama yake aliyeendesha gari muda wa saa nne, kwa kosa ambalo halipo.

"Basi hesabu ilikuwa sahihi," Roscoe alisema, "na wewe ndiye uliyekosea."

"Nusu ya nusu ni robo," Margo akajibu kwa ukali, "hata mifuko ikisimama mpaka Krismasi."

"Nyamazeni," Mzee Stenquist alisema. Akaenda polepole mpaka mbele ya Junie, akazichukua zile karatasi tano mkononi mwake. "Binti, mimi nimewahi kuona watu wakikiri baada ya daraja kuanguka. Hao ni wengi. Kabla, sikumbuki kama wanafika watatu. Ndugu zangu, nani hapa bado ana nyeusi kwa huyu mtoto? Anyooshe mkono mbele ya uso wangu."

Hakuna aliyenyoosha. Hata yule aliyemdhihaki kutoka mstarini aliangalia viatu vyake.

"Basi zote nyeupe." Mama yake Junie akaanza kulia bila kujua hasa kimetokea nini. "Limebaki jambo moja dogo," mzee akaendelea. "Saini ya kwanza umeifuta, kwa hiyo daraja hili halina mhakiki, na mimi sivuki daraja lisilo na mhakiki. Tia saini upya. Ukisaini unaniambia kwamba kilicho hapa mbele yangu ndicho kilicho kwenye karatasi. Bolti kwa bolti."

"Na kama kilichopo ni bora kuliko karatasi?" Junie aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza. Swali lilitoka lenyewe.

"Hakuna bora." Uso wa mzee ukabadilika. "Mwaka nilipoanza kazi, fundi mmoja aliongeza chuma mahali bila kuandika. Alitaka mema. Miaka kumi baadaye wakaja wengine kutengeneza, wakasoma karatasi, wakakata pale ambapo karatasi ilisema pakatwe. Niliwazika wawili. Anayejenga kinyume cha karatasi na kuficha hana mahali katika Udugu huu, hata daraja lake lisimame miaka mia."

Akampa kalamu.

Teddy alikuwa amesimama hatua mbili tu. Kule kujiamini kwake kote kulikuwa kumeyeyuka. "Tia saini, Junie," alisema kwa sauti ndogo. "Limesimama, si umeona? Wote wameona. Wewe ndani, mimi ndani. Tukale pasti."

Alikuwa rafiki yake. Hilo nalo ni kweli, na msilisahau. Kabla ya Teddy hapakuwa na mtu aliyewahi kumwekea kiti.

Junie aliweka karatasi juu ya goti, kalamu juu ya kisanduku. Imehakikiwa. Wino uligusa karatasi ukaacha nukta.

Kisha akakitazama kile kitambaa cha kijani na shaba. Kilikuwa kimefungwa mahali pamoja tu katika kila boriti. Si kwenye nguzo, si mwanzoni ambapo watu wangekiona vizuri. Katikati kabisa, juu ya kiungo, mafundo matatu, yamekazwa na mtu ambaye hakutaka upepo ukichukue.

Jana kutwa yeye alikuwa kwenye mtihani mwingine. Teddy alikuwa hapa.

"Junie," Teddy alisema.

Alimrudishia mzee kalamu. Akavua koti, akamkabidhi mama yake, akateremka ukingoni mpaka maji ya barafu yakamfika magotini, akaingia chini ya daraja. Mafundo yalimchukua muda. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kitambaa kikaanguka majini na maji yakakichukua.

"Unafanya nini huko?" Roscoe aliita.

"Nahakiki," Junie alijibu. "Karatasi inasema nane kila kiungo. Soma, kaka Margo, ili wote wasikie."

"Nane," Margo akasoma.

Junie aliweka kidole kwenye nati ya kwanza. Alihesabu kwa sauti kubwa, na juu yake, kati ya ubao na ubao, aliuona uso wa Teddy ukimtazama, ukimtikisia kichwa taratibu: usifanye, usifanye.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Hizo zilikuwa na kutu kidogo, alizikaza yeye mwenyewe wiki mbili zilizopita.

"Tano. Sita. Saba."

Mama yake aliacha kulia.

"Nane."

Kidole kilisogea upande, kikagusa chuma baridi, kipya, bado kina mafuta ya dukani. Junie alifumba macho.

"Tisa," alisema.